Farasi watatu wanaofichua siri za mabingwa wa sataranji

MTU asiyeufahamu vyema mchezo wa sataranji, maarufu kama chesi, akiketi kuwatazama mabingwa wawili wakishindana huenda akachoka kabla ya saa moja kuisha. Watu wawili wameuinamia ubao. Mmoja anasogeza kete, anabonyeza saa, anaandika kwenye karatasi, kisha kimya kinatanda tena kwa dakika ishirini. Hakuna mshindo wala shangwe.

Hata hivyo, chini ya kimya hicho huwa pana vita vikali vya fikra, na walioshindwa katika vita hivyo wamewahi kupoteza mataji na heshima waliyoitafuta kwa miaka mingi.

Swali linalomtatiza mchezaji wa kawaida anapousoma mchezo wa magrandmasta ni hili: Mbona bingwa amwachilie mpinzani wake kete ya thamani, tena bila ya kulazimishwa, na mwishowe awe ndiye anayecheka? Na mbona mwingine anyakue askari wa bure kisha ajutie shibe yake?

Jibu halipatikani kwa kukariri hatua. Hupatikana kwa kulifahamu wazo linalozifunga hatua hizo pamoja. Michezo mitatu iliyochezwa katika miaka ya 1938, 1953 na 1985 inalidhihirisha hilo vizuri, kwa sababu katika kila mmoja wao palikuwa na farasi aliyesimama mahali ambapo hakuna aliyeweza kumfukuza. Kwa mtazamo wa juu juu, farasi hao watatu walilingana. Lakini mmoja alimtosa mwenyewe, wa pili alimwokoa mwenyewe kutoka kwenye hatari, na wa tatu alimsaidia mwenyewe kutwaa taji la dunia.

Thamani ya kete

Kwa faida ya msomaji ambaye hajauzoea mchezo huu, ubao wa sataranji una miraba 64. Safu za wima hutajwa kwa herufi, kuanzia a hadi h, na safu za mlalo hutajwa kwa tarakimu, kuanzia 1 upande wa kete nyeupe hadi 8 upande wa kete nyeusi. Kwa hivyo d5 ni mraba ulio katikati ya ubao, na a1 ni pembe ya kushoto ya mwenye kete nyeupe.

Wanafunzi wa mchezo huu hufundishwa mapema kwamba askari ana thamani ya alama moja, farasi na askofu alama tatu kila mmoja, ngome alama tano na malkia alama tisa. Mfalme hana bei, maana akinaswa mchezo umekwisha.

Hesabu hiyo ni ya manufaa, lakini ni bei ya sokoni tu. Haielezi kete imesimama wapi. Farasi aliye pembeni kabisa, katika mraba a1, anaweza kuruka kwenda miraba miwili pekee. Akihamishwa hadi d5 anatawala miraba minane. Ni farasi yule yule, alama ni zile zile tatu, lakini nguvu yake imeongezeka mara nne. Grandmasta hucheza kwa kuipima tofauti hiyo, naye mchezaji mchanga hucheza kwa kuhesabu alama.

Farasi wa Capablanca, 1938

Mnamo Novemba 1938 shirika la utangazaji la AVRO liliwaalika nchini Uholanzi wachezaji wanane waliohesabiwa kuwa bora zaidi duniani. Miongoni mwao alikuwa José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia kati ya mwaka wa 1921 na 1927 na ambaye alitimiza umri wa miaka 50 mwezi huo huo. Mwingine alikuwa Mikhail Botvinnik wa Umoja wa Kisovieti, kijana wa miaka 27 ambaye taji la dunia lilikuwa likimsubiri miaka kumi mbele.

Wawili hao walipokutana, Botvinnik alikuwa na kete nyeupe. Baada ya hatua za mwanzo, Capablanca aliona kwamba askari mweupe aliyekuwa katika mraba a4, upande wa kushoto, hakuwa na mlinzi imara. Akaamua kumwinda.

Uwindaji huo haukuwa wa haraka. Katika hatua ya 15, Capablanca alimrudisha farasi wake kutoka a6 hadi b8. Kisha akampeleka c6, akampeleka a5, na katika hatua ya 18 akamtua b3, ndani kabisa ya eneo la mpinzani. Hapo farasi huyo akaziba njia, na hatua iliyofuata malkia mweusi akamla askari wa a4. Hatua tano zilikuwa zimetumika kupata askari mmoja.

Je, Botvinnik alifanya nini na hatua zake tano? Alimsogeza malkia hadi c2, akaiweka ngome nyuma ya askari wa katikati, akamleta farasi g3 karibu na mfalme wa mpinzani, akamsukuma askari wa f hatua moja ili amtegemeze mwenzake, kisha akampeleka askari wa e mbele hadi e4. Hakumjali yule wa a4 hata kidogo. Alikuwa amemtoa ili anunue wakati.

Hili ndilo wazo la kwanza ambalo msomaji wa michezo ya mabingwa anapaswa kulitafuta. Katika sataranji, wakati una bei. Anayekula askari pembeni hulipa kwa hatua, na hatua hizo mwenzake huzitumia kwingine. Swali si nani amekula, bali ni nani aliyefaidika zaidi katika muda huo.

Askari mweupe wa katikati aliendelea mbele hadi e5 na kumfukuza farasi mweusi aliyemlinda mfalme. Mapambano yalipozidi na ngome zote zilipobadilishana, Botvinnik alibaki na askari mmoja katika mraba e6, akihitaji hatua mbili tu kufika mwisho wa ubao na kugeuka malkia. Malkia wa Capablanca alisimama mbele yake katika mraba e7, akizuia njia. Mlinzi huyo alikuwa ametingwa, lakini bado alikuwa imara.

Ndipo katika hatua ya 30 Botvinnik alipocheza hatua ambayo hadi leo hufundishwa kote duniani. Alimpeleka askofu wake hadi a3, mahali ambapo malkia mweusi angeweza kumla bure.

Kwa nini? Kwa sababu askofu huyo alimshambulia malkia aliyekuwa e7. Malkia akimla, anakwenda mbali, pembeni mwa ubao, na mlango anaoulinda unabaki wazi. Akikataa kumla, bado analazimika kuhama e7. Botvinnik hakutaka askofu wake awe na manufaa yoyote zaidi ya hayo. Alimtumia kama chambo cha kumwondoa bawabu mlangoni.

Capablanca alimla. Hapo hapo Botvinnik akamtoa pia farasi wake katika h5, akimtisha mfalme. Askari aliyekuwa akimkinga mfalme mweusi akamla farasi huyo, na kwa kufanya hivyo akamwacha mfalme bila ya ukuta. Malkia mweupe akaingia g5, kisha akamla farasi mweusi wa f6, na askari wa e6 akasonga hadi e7.

Capablanca hakuwa na la kufanya isipokuwa kumtisha mfalme mweupe mfululizo kwa malkia wake, akitumaini kupata sare. Alimtisha mara saba. Mfalme wa Botvinnik alitembea kwa miguu yake kutoka nyumbani hadi h5, na huko vitisho vikaisha. Katika hatua ya 41 Capablanca akasalimu amri.

Na farasi wa b3? Tangu alipotua pale katika hatua ya 18, hakusogea tena. Alikuwa hapo wakati mfalme wake alipovuliwa ngao, na alikuwa hapo mchezo ulipokwisha. Alikuwa ndani ya nyumba ya adui, hakuna aliyemfukuza, lakini hakukuwa na sababu ya kumfukuza. Vita vilikuwa upande mwingine wa ubao.

Farasi wa Petrosian, 1953

Miaka 15 baadaye, mashindano ya kumtafuta atakayempinga bingwa wa dunia yaliandaliwa nchini Uswisi, katika miji ya Neuhausen na Zürich. Washiriki 15 walihudhuria. Tigran Petrosian, Mwarmenia aliyezaliwa Tbilisi, alikuwa na umri wa miaka 24. Mpinzani wake katika mchezo unaozungumziwa hapa alikuwa Samuel Reshevsky wa Marekani, mchezaji hodari ambaye nyota yake iling'aa tangu utotoni.

Safari hii mwenye kete nyeupe, Reshevsky, alikuwa na askari wawili walioungana katikati ya ubao, mmoja d4 na mwingine e5. Nyuma ya yule wa e5 aliziweka ngome zake mbili, moja nyuma ya nyingine, na malkia wake alikuwa tayari. Askofu wake mweupe alisimama g4, akiielekeza shabaha yake ndani ya kambi ya Petrosian. Ilikuwa dhahiri kwamba muda si mrefu askari wa e5 angesonga hadi e6, na milango yote ingefunguka kwa wakati mmoja.

Petrosian alijua hali yake. Zaidi ya hayo, alijua ni kitu gani alichokihitaji. Farasi wake wa c6 angeweza kufika d5, mraba wa katikati ambao askari weupe hawangeweza kuushambulia, basi angetulia pale kama nguzo. Tatizo ni kwamba njia ya kwenda d5 ilipitia e7, na e7 palikuwa na ngome yake mwenyewe. Pia, mtu alihitaji kumzuia askari wa e5 wakati farasi angali safarini.

Katika hatua ya 25, Petrosian aliichukua ngome hiyo ya e7 na kuisogeza mraba mmoja tu, hadi e6. Hapo iliweza kuliwa na askofu wa g4. Haikuwa na kitisho chochote, wala haikushambulia kitu cha maana. Kwa mtu anayehesabu alama, Petrosian alikuwa ametoa alama tano ili apate tatu.

Lakini hebu itazamwe tena kwa makini. Kwanza, ngome hiyo ilimzuia askari wa e5 asisonge. Pili, iliuacha mraba e7 wazi, na farasi akapata njia. Tatu, na hapa ndipo palipo na undani wa wazo lenyewe, askofu aliyeweza kuila ngome hiyo ndiye askofu pekee wa Reshevsky aliyetembea katika miraba ya rangi ya d5. Akiila ngome, naye analiwa. Na akiondoka yeye, hakuna tena askofu mweupe anayeweza kumgusa farasi atakayesimama d5.

Kwa maneno mengine, Petrosian alimwalika mpinzani wake aile ngome, na kwa kuila, aiharibu silaha pekee ambayo ingeweza kuuvunja ukuta wake.

Reshevsky alisita kidogo kwa kumsogeza askari wake wa a. Petrosian akampeleka farasi hadi e7. Ndipo Reshevsky alipoila ngome, askari mweusi akamla askofu katika e6 na kuifunga njia kabisa, na farasi akatua d5. Tangu wakati huo ngome mbili za Reshevsky, zilizokuwa zikingoja kwa hamu kuingia vitani, zikawa hazina pa kwenda. Ngome huhitaji njia zilizo wazi, na hapakuwa na hata moja.

Haikupita muda mrefu kabla ya Reshevsky mwenyewe kuirudisha ile faida. Katika hatua ya 30 aliitoa ngome yake moja apate askofu mweusi aliyekuwa d3. Mchezo ulikwisha kwa sare katika hatua ya 41.

Sare hiyo ina uzito gani? Kwa mtu anayesoma jedwali la matokeo ni nusu alama tu. Kwa anayejifunza, ni mfano wa kwamba kulinda si kukunja mikono na kungoja. Petrosian hakuzuia hatua moja moja za mpinzani. Alijiuliza ni nini mpinzani anakitaka zaidi ya vyote, kisha akalipa bei ya kukifanya kisiwezekane. Mtindo huo wa kuzima hatari kabla haijawaka ulimfikisha mbali. Mwaka wa 1963 alimshinda Botvinnik na kuwa bingwa wa dunia, cheo alichokishikilia hadi 1969.

Farasi wa Kasparov, 1985

Mchezo wa tatu ulichezwa wakati ambapo taji lenyewe lilikuwa mezani. Anatoly Karpov alikuwa bingwa wa dunia tangu mwaka wa 1975. Garry Kasparov, mzaliwa wa Baku, alikuwa na miaka 22.

Uhasama wao ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia. Pambano lao la kwanza, lililoanza Septemba 1984, lilisimamishwa na Shirikisho la Sataranji Duniani (FIDE) mnamo Februari 1985 baada ya michezo 48 bila ya mshindi kupatikana. Karpov alikuwa akiongoza kwa ushindi mara tano dhidi ya mara tatu, na michezo 40 ilikuwa imeisha kwa sare. Pambano jipya la michezo 24 likaanza Moscow mnamo Septemba 1985. Baada ya michezo 15, wawili hao walikuwa sawa.

Katika mchezo wa 16, Kasparov alikuwa na kete nyeusi. Alichagua ufunguzi wa Kisisilia na katika hatua ya nane akafanya jambo la ujasiri. Alimsukuma askari wake hadi d5 na kumtoa sadaka. Alichotaka badala yake kilikuwa uhuru wa kete zake kutembea.

Hatua ya 16 ndiyo iliyoufanya mchezo huu ukumbukwe. Farasi wa Kasparov aliingia d3.

Kutoka d3 farasi huyo aliitawala miraba minane, na takriban yote ilikuwa na umuhimu kwa Karpov. Alizuia c1 na e1, mahali ambapo ngome nyeupe zingependa kusimama. Alizuia b2, mahali ambapo farasi mweupe angependa kupitia. Alizielekea f2 na f4, karibu na mfalme. Wachambuzi wamemfananisha na pweza, mnyama ambaye ukiepuka mkono wake mmoja unanaswa na mwingine.

Lakini farasi mmoja, hata awe hodari kiasi gani, hashindi vita peke yake. Uzuri wa mchezo huu uko katika jinsi kete nyingine zote nyeusi zilivyomhudumia. Askofu wa f5 alimlinda kutoka nyuma. Askari wa b alisonga hadi b4 na kuufunga mraba c3. Katika hatua ya 17 Karpov alimrudisha farasi wake mmoja hadi b1, na katika hatua ya 19 akampeleka mwingine a4. Kuanzia hapo farasi hao wawili hawakuwa na mahali pa kuruka pasipo na hatari.

Aliye b1 hakusogea tena hadi hatua ya 39. Aliye a4 hakusogea hadi hatua ya 38. Kwa muda wote huo, bingwa wa dunia alicheza kana kwamba ana kete mbili pungufu. Hesabu ya alama ilionyesha kwamba Karpov ana askari wa ziada, ilhali ubao ulionyesha kwamba nusu ya jeshi lake limefungwa gerezani.

Hapa msomaji anapaswa kuangalia hatua ambazo Kasparov hakuzicheza. Hakuharakisha mashambulizi. Farasi wake wa pili alirudi nyuma hadi d7. Malkia wake alisogea f6, mahali palipouangalia mraba b2, ili farasi wa Karpov asipate upenyo. Kila Karpov alipotafuta pumzi, tundu lilizibwa kwanza. Bingwa huyo hata alimrudisha askari wake wa ziada kwa kumsukuma d6, akitumaini kupata nafasi. Hakuipata.

Mwishowe, katika hatua ya 34, Karpov alichoka na mgeni huyo. Alimla farasi wa d3 kwa malkia wake. Farasi wa pili wa Kasparov akaruka f2, akimtisha mfalme na malkia kwa pamoja, na malkia akaenda kwa bei ya farasi wawili. Hatua sita baadaye, ngome nyeusi ilipoingia e1, Karpov alisalimu amri.

Kasparov alishinda pambano hilo kwa alama 13 dhidi ya 11 na kuwa bingwa wa dunia mwenye umri mdogo zaidi hadi wakati huo.

Kilichowatofautisha

Ukiwaweka farasi hao watatu kando kwa kando, tofauti zinajitokeza. Yule wa Capablanca alifika mbali zaidi ya yule wa Petrosian, lakini alipofika hakuzuia kitu chochote ambacho Botvinnik alikihitaji. Yule wa Petrosian hakuvuka sana mpaka wa kambi yake, ila alisimama katika njia panda ambapo mpango mzima wa Reshevsky ulipaswa kupita. Yule wa Kasparov alikuwa na sifa zote mbili: alikuwa ndani ya kambi ya adui, na alikuwa katikati ya mambo.

Kutokana na hayo, kuna maswali matatu ambayo msomaji anaweza kujiuliza kila anapokutana na hatua inayomshangaza katika mchezo wa magrandmasta.

La kwanza: Kete hii inaweza kufukuzwa na nani? Ikiwa mpinzani ana askari au askofu wa kuifikia, basi ukubwa wake ni wa muda. Petrosian alitoa ngome nzima ili jibu la swali hili liwe kwamba hakuna.

La pili: Kete hii inamnyima mpinzani kitu gani? Si lazima ishambulie. Mara nyingi kete bora ubaoni ni ile inayomfanya mwenzio akose hatua nzuri.

La tatu: Kete nyingine ziko wapi wakati huo? Farasi wa b3 na malkia wa Capablanca walikuwa karamuni upande wa kushoto, huku nyumba ikiungua upande wa kulia.

Kasoro iliyogunduliwa baadaye

Pamoja na sifa zote hizo, mchezo wa 1985 una sehemu ya pili ambayo ni nadra kusimuliwa na wanaoushangilia.

Katika hatua ya 11, Kasparov alikuwa amemsogeza askofu wake hadi c5. Karpov alijibu kwa kumhifadhi mfalme wake, hatua ya kawaida isiyo na lawama. Kumbe palikuwa na jibu kali zaidi. Kama angemsogeza askofu wake hadi e3, na askofu mweusi amle, malkia mweupe angeruka a4, amtishe mfalme na wakati huo huo amshambulie farasi mweusi aliyekuwa b4. Katika mabadilishano yanayofuata, mwenye kete nyeupe hubaki na askari wake wa ziada, na mfalme mweusi hulazimika kubaki katikati bila ya hifadhi. Farasi yule yule ambaye baadaye aliitawala d3 asingefika huko kamwe.

Aliyeionyesha dunia hatua hiyo alikuwa Karpov mwenyewe. Mnamo 1986, katika mashindano yaliyofanyika Brussels, alikutana na ufunguzi ule ule kutoka kwa John van der Wiel wa Uholanzi. Safari hii akamsogeza askofu hadi e3, akashinda, na ufunguzi huo ukapoteza mvuto wake.

Je, hilo linaufanya ushindi wa Kasparov kuwa wa bahati nasibu? La hasha. Karpov alikuwa na saa inayomkimbiza, taji linalomning'inia na mpinzani aliyejiandaa nyumbani. Kuiona hatua ya e3 katika hali hiyo si sawa na kuionyesha baada ya miezi kadhaa ya utafiti. Na baada ya hatua ya 12 kupita, kila kitu alichokifanya Kasparov kilifuata wazo moja bila ya kuyumba. Hata hivyo, kisa hicho kinamtahadharisha msomaji asidhani kwamba mchezo uliosifiwa sana hauna dosari.

Siku hizi programu za kompyuta, hata zile zilizo kwenye simu, humwambia mtu katika nukta chache ni upande gani ulio na nafuu na kwa kiasi gani. Hutoa jibu kwa tarakimu. Hazisemi kwamba farasi wa b1 amefungwa kwa sababu ya askari wa b4, wala kwamba ngome ya e6 iliwekwa pale ili askofu fulani atoweke. Mwanafunzi anayezitegemea tangu hatua ya kwanza huishia kujua kwamba hatua fulani ni nzuri bila ya kujua ni nzuri kwa nini.

Walimu wengi wa mchezo huu hushauri njia ya kale. Mtu achukue ubao halisi na kumbukumbu ya mchezo, afunike hatua inayofuata kwa karatasi, aichague yake mwenyewe, aandike sababu, ndipo afunue. Tofauti kati ya alichokichagua na alichokicheza bingwa ndilo somo lenyewe. Kompyuta iulizwe mwisho, kama shahidi.

Kwa anayetaka kuanza leo, mahali pazuri ni hatua ya 11 ya mchezo wa 16 wa Moscow. Azipange kete, aketi upande wa Karpov, ajipe dakika kumi, na ajaribu kusahau kwamba amekwisha kulisoma jibu.